Bonasi ya Kadi ya Mkopo na Safari ya Nje: Ulipie Ukiwa Dar au Uchanje Ukifika?

Mteja mpya wa kadi ya mkopo huahidiwa bonasi, iwe pointi, maili za ndege au fedha kurudishwa, kwa sharti moja: atumie kiasi fulani ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi 3. Kwa mkazi wa Dar es Salaam sharti hilo ni zito kuliko linavyosomeka kwenye kipeperushi. LUKU inanunuliwa kwa simu, kodi ya nyumba inaingia kwenye akaunti ya mwenye nyumba, ada ya shule ina namba yake ya malipo, na muuza genge anataka noti au Lipa Namba. Kadi inabakiwa na supamaketi, kituo cha mafuta na mgahawa wa Masaki mara moja moja. Kwa mwendo huo, shilingi milioni 5 hazifiki ndani ya miezi 3.

Safari ya nje hubadilisha hesabu, kwa sababu ghafla kuna tiketi, hoteli na manunuzi ambayo kadi inayaweza. Kinachobaki ni kuchagua pa kulipia. Tunalinganisha njia mbili kubwa, kulipia mtandaoni ukiwa bado Dar na kuchanja kadi ukishafika, pamoja na njia ya tatu ya kulipa kwa programu ya simu, ambayo kwa waendao China haikwepeki. Msimamo wetu tuuseme mapema: theluthi mbili hivi ya sharti imalizike kabla hujapanda ndege, safari iachiwe kumalizia.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Benki huhesabu manunuzi. Noti ulizotoa ATM kwa kadi ya mkopo hazihesabiwi. Zina ada yake, na riba huanza kukimbia siku hiyohiyo bila zile siku za neema unazopewa kwenye manunuzi. Kwa kawaida pia havihesabiwi: kutuma fedha, kuweka salio kwenye pochi ya simu au kadi ya malipo ya kabla, kununua fedha za kigeni kwenye duka la kubadilishia, michezo ya kubahatisha, ada ya mwaka ya kadi na riba yenyewe. Anayedhani atajaza pochi ya simu kwa kadi ya mkopo, kisha alipie kila kitu kwa kadi pepe ya simu, anazunguka mbuyu bure.

Fedha zilizozuiliwa nazo hazihesabiwi. Hoteli inapochukua kadi yako mapokezi, au kampuni ya magari inapozuia dola 300 za dhamana, kiasi hicho kinapunguza ukomo wa kadi yako bila kuongeza hata senti kwenye hesabu ya bonasi. Kinaingia pale tu malipo halisi yanapokatwa, na hoteli nyingi hukata siku ya kuondoka. Kwenye programu ya benki utayaona yakiwa na neno la kusubiri; usiyajumlishe.

Marejesho hupunguzwa kwenye hesabu. Ukinunua viatu vya laki 4 na kuvirudisha, laki 4 inaondoka kwenye hesabu, hata kama tayari ulishavuka kiwango. Benki nyingine huichukua bonasi yenyewe ikiona umenunua na kurudisha kwa kusudi.

Halafu kuna tarehe. Kwa kawaida siku huanza kuhesabiwa tangu akaunti ya kadi ilipofunguliwa, wala si siku uliyoichukua tawini au kuiwasha. Kadi ikikaa wiki 2 kabla hujaifuata, wiki 2 zimeshaliwa. Na baadhi ya benki hutazama siku muamala ulipoingia kwenye akaunti badala ya siku uliyochanja. Kwa hiyo panga kumaliza angalau siku 10 kabla ya mwisho, na upite kiwango kwa asilimia 5 hadi 10.

Njia mbili, bega kwa bega

| | Kulipia mtandaoni ukiwa Dar | Kuchanja ukifika |
|---|---|---|
| Malipo kuingia kwenye hesabu | Kwa kawaida siku chache | Madukani siku chache. Hoteli na gari mpaka utakapoondoka |
| Uthibitisho | OTP (namba ya siri ya mara moja) inaingia kwenye laini yako | PIN kwenye mashine. Ukilipa mtandaoni lazima uwe na roming |
| Hatari kubwa | Safari ikiahirishwa, marejesho yanakula hesabu | Kubadilishiwa fedha na mashine; fedha kuzuiliwa |
| Kosa likitokea | Una muda wa kwenda tawini | Unapiga simu ya nje kwa saa za Dar |
| Kinachofaa | Tiketi, hoteli, bima, viza ya mtandaoni | Chakula, usafiri, nguo, dawa, vifaa |

Kulipia ukiwa Dar

Faida kubwa hapa ni OTP. Malipo ya mtandaoni kwa kadi za benki zetu husimama au kuanguka kwa ujumbe ule wa tarakimu chache. Ukiwa Sinza na laini yako mkononi, unaingia kwa sekunde. Ukiwa Mumbai bila roming, hauji kabisa, na mara 3 za kukosea zinatosha kadi kufungwa.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili kwenye programu ya benki au tawini: kadi imefunguliwa kwa matumizi ya mtandaoni na ya kimataifa, kwa sababu baadhi hutolewa zikiwa zimefungwa; na ukomo wa siku unatosha. Ukomo wa siku si ukomo wa mkopo. Kadi ya milioni 6 inaweza kuwa imewekewa milioni 2 kwa siku, na tiketi mbili za milioni 3 zitakataliwa ingawa fedha ipo. Pandisha ukomo, lipa, urudishe chini.

Kwa tiketi, tovuti ya shirika la ndege ni bora kuliko wakala, kwa lengo hili tu. Wakala wengi wa mjini wanapenda uhamisho wa benki, na wenye mashine huongeza asilimia 2 au 3 juu ya bei kufidia makato yao. Wakala ana faida nyingine, hasa tarehe zikibadilika, ila ukitaka kadi ihesabiwe, muulize bei ya kadi na bei ya benki kabla hajakata tiketi.

Kwa hoteli, chaguo la kulipa sasa linaingia kwenye hesabu mapema na linakukinga na maswali ya mapokezi. Gharama yake ni kwamba mara nyingi halirudishwi. Ukichagua lile la kulipa ukifika, kumbuka tovuti huenda ikajaribu kadi kwa kuzuia kiasi kidogo. Hicho si malipo.

Kuna mtego mmoja hauonekani. Tovuti inaweza kukuonyesha bei kwa shilingi, ukaona umekwepa ada ya fedha za kigeni. Mfanyabiashara akiwa amesajiliwa nje ya nchi, benki nyingine hutoza ada ya muamala wa nje vilevile, na shilingi zile zimeshabadilishwa na tovuti kwa kiwango chake yenyewe. Airbnb, kwa mfano, hutoza ada ya kubadilisha unapolipa kwa fedha tofauti na ya mwenye nyumba. Lipa kwa fedha ya kule huduma iliko, uache benki ibadilishe mara moja.

Kuchanja ukifika

Hapa adui ni swali moja la kwenye mashine, tuseme ukiwa Dubai: ulipe kwa dirham au kwa shilingi? Shilingi inavutia kwa sababu unaijua. Ukiikubali, benki ya muuzaji ndiyo inayobadilisha, ikiwa na faida yake ndani. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mteja apewe nafasi ya kuchagua, lakini muuzaji mwenye haraka hubonyeza kwa niaba yako na kukupa risiti.

Tuchukue hoteli ya Deira, Dubai, ya dirham 1,000. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo ni kama dola 272. Tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500 kwa urahisi tu, ni takriban shilingi 681,000. Benki yako ikitoza asilimia 3 ya muamala wa nje, unakatwa 701,000. Ukikubali shilingi na mashine ikaweka asilimia 6 yake, inakuwa 722,000. Na kwa kuwa duka liko nje, asilimia 3 ya benki yako inaweza kuja juu yake: 743,000. Shilingi 42,000 zimekwenda kwa kubonyeza kitufe. Soma kioo, chagua fedha ya nchi, na risiti ikitoka na shilingi, dai muamala ufutwe na urudiwe kabla hujaondoka kaunta. Baadaye ni shida.

Mashine ikisema imeshindikana, usichanje tena mara moja. Fungua programu ya benki, angalia kama kuna kiasi kinachosubiri, omba karatasi ya muamala ulioshindikana. Malipo mawili ya kitu kimoja hurekebishwa, lakini marekebisho huja kama marejesho wiki kadhaa baadaye, na wewe utakuwa umeshajihesabia kuwa umevuka.

Ukinunua vitu Dubai na kudai VAT ya asilimia 5 uwanja wa ndege, usielekeze rudisho kwenye kadi hiyohiyo kama umefika ukingoni mwa kiwango. Linaweza kusomeka kama marejesho ya manunuzi. Chukua taslimu pale inaporuhusiwa.

Bonasi inalipa kweli?

Sharti ni shilingi 5,000,000 na bonasi, ukiipima kwa kile utakachokitumia kweli, ni 250,000. Hiyo ni asilimia 5. Ukitumia zote nje kwa ada ya asilimia 3, umelipa 150,000 na umebaki na laki 1. Nusu ya matumizi yakipita kwenye mashine zinazobadilisha kwa asilimia 6, laki 1 na nusu nyingine imekwenda. Umeingia hasara ya 50,000. Na ukishindwa kulipa deni lote mwezi huo, riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya milioni 5 ni 150,000 peke yake. Viwango hivi ni vya mfano. Chukua jedwali la ada la benki yako uweke vyake.

Hata hivyo tuwe wa haki kwa kadi. Dola za mkononi hazinunuliwi bure. Duka la kubadilishia linakuuzia juu ya bei linayonunulia, na zikibaki ukarudi nazo unauza chini. Gharama ya kweli ya kadi ni ada yake ukitoa tofauti hiyo. Kwa mtu ambaye angenunua dola hata hivyo, asilimia 3 ya kadi inapungua makali.

Kadi ya shilingi au ya dola?

Benki kadhaa hapa hutoa kadi ya mkopo kwa shilingi au kwa dola. Kadi ya dola inaonekana ndiyo ya msafiri, na kwa mwenye kipato cha dola ni kweli: popote bei ilipo kwa dola, kiasi ni kile kile unachokiona, na Dubai hakiyumbi kwa kuwa dirham imefungwa kwa dola. Ila ukipokea mshahara kwa shilingi, deni la dola linakungoja mwisho wa mwezi na utalinunulia dola kwa bei ya siku hiyo. Ubadilishaji haukuondoka, umehamia mwisho wa mwezi.

Jingine ni matumizi ya nyumbani. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kadi ya dola ukiichanja Mlimani City inakatwa shilingi zilizogeuzwa kuwa dola, na unaweza kutozwa ada ya kubadilisha ukiwa mjini kwenu. Sharti likibaki na laki 5 baada ya kurudi, mwenye kadi ya shilingi atazimalizia bila ada hiyo. Kwa mkazi wa kawaida wa Dar tunapendekeza ya shilingi.

Kiwango cha bonasi kikiwa kwa shilingi, yabadilishe matumizi yako kwa kiwango kilichotokea kwenye taarifa ya kadi, usitumie kile ulichokiona Google. Shilingi ikiimarika kidogo safarini, dirham zile zile zinakupa shilingi chache.

Unakwenda wapi?

Dubai ndiyo rahisi. Kadi inapita karibu kila duka, hata teksi. Deira kwenye dhahabu ni tofauti: bei inayopigiwa mjadala ni ya taslimu, na ukitoa kadi muuzaji anaweza kuongeza kitu. Uliza bei ya kadi kwanza, mjadala baadaye.

Guangzhou, China, inawachanganya wafanyabiashara wa Kariakoo, kwa sababu wanakwenda na matumizi makubwa kabisa na bado kiwango hakifikiwi. Mzigo wenyewe unalipwa kwa uhamisho wa benki kwenda kwa kiwanda; hapo kadi haiingii. Mitaani ni Alipay na WeChat Pay, zile programu za simu za kulipia. Programu zote mbili hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje: malipo ya yuan 200 kushuka chini hayana ada ya programu, yakizidi hapo inatozwa asilimia 3, juu ya ada ya benki yako. Chakula cha yuan 300 kinaweza kulipwa mara mbili za 150 muuzaji akikubali. Kadi ya nje hulipa kwenye msimbo (QR) wa biashara. Ukiskani msimbo binafsi wa mwenye kibanda, itagoma, na sokoni vibanda vya namna hiyo ni vingi. Unganisha kadi na thibitisha pasipoti ukiwa bado Dar, kwa kuwa OTP ya kuunganisha inakuja kwenye laini ya hapa. Hoteli ilipie kabla. Mapokezi mengi ya hoteli ndogo hayana mashine ya kadi za nje. Kwa anayekwenda China, basi, tiketi na hoteli ndizo mhimili wa sharti, na Alipay ni ya vijazio.

India kwa matibabu ndiko sharti linaweza kuisha kwa siku moja. Hospitali kubwa zina dawati la wagonjwa wa kimataifa na huchukua kadi. Tatizo ni amana. Unalipa rupia nyingi unapolazwa, bili ikitoka chini yake, tofauti inarudishwa kwenye kadi na hesabu inashuka. Lipa amana kwa kadi ikiwa una hakika bili itaizidi. La sivyo amana ndogo kwanza, salio la bili wakati wa kuruhusiwa. Iarifu benki mapema kuhusu kiasi na nchi, kwani malipo ya mamilioni kutoka kwa kadi ambayo jana ilinunua maziwa Shoppers hufungwa kwa tuhuma za wizi. Uliza pia kama hospitali inaongeza asilimia ya kadi. Bili ikiwa kubwa, asilimia 2 yake inaweza kuizidi bonasi nzima, na hapo uhamisho wa benki ndio wa busara.

Kulipia wenzako

Watu wanne wakisafiri pamoja, mmoja akilipia tiketi na hoteli za wote, kiwango kinafikiwa jioni moja. Ni njia halali na ndiyo tunayoiona bora kuliko kununua vitu usivyovihitaji. Fedha zao ziingie kwako kwa simu au benki kabla hujabonyeza kulipa. Mkubaliane kwamba kila mmoja anadaiwa shilingi zilizotokea kwenye taarifa ya kadi, pamoja na ada ya benki. Wakikulipa kwa kiwango cha duka la kubadilishia, ada inakuangukia wewe. Mmoja akighairi, marejesho yanakuja kwako na hesabu inapungua, jambo ambalo yeye halimhusu.

Kadi ya nyongeza ya mwenza wako huhesabiwa kwenye akaunti yako kuu katika benki nyingi. Kwa familia, hiyo hupunguza pia tatizo la kadi moja kugoma mkiwa nje.

Wenye kadi za Marekani

Aliyerudi Dar akiwa bado na kadi ya kule ana hesabu tofauti. Kadi za Capital One hazina ada ya muamala wa nje. Nyingine nyingi hutoza asilimia 3, hata ndani ya benki moja: Chase Sapphire Preferred haina, Chase Freedom Unlimited inayo. Kwa mwenye kadi isiyo na ada, faida ya kulipia kabla inabaki kwenye muda tu, na kuchanja popote ni sawa, mradi akatae kubadilishiwa. Shida yake ni OTP kwenda kwenye namba ya Marekani. Ahamishie uthibitisho kwenye programu ya benki mapema.

Kabla hujafika Terminal 3

Washa roming ya laini inayopokea OTP na uijaribu kwa mtu kukutumia ujumbe ukishatua. Data itoke kwenye laini ya huko au eSIM. Lipa sehemu ya deni la kadi kabla ya kusafiri ili ukomo uwe wazi, maana kadi ya ukomo wa milioni 5 yenye sharti la milioni 5 haitabeba fedha za kuzuiliwa. Beba kadi ya pili. Iandikie benki barua pepe ukiuliza maswali matatu: siku ya mwisho ni tarehe gani, inatazamwa siku ya kuchanja au ya kuingia, na umebakiza shilingi ngapi. Jibu la simu halitakusaidia kama bonasi haikuja.

Ukirudi ukiwa umepungukiwa na zimebaki siku chache, usitafute cha kununua Kariakoo. Bima ya gari ya mwaka, ada ya hospitali au ya shule kwenye taasisi yenye mashine ya kadi, tairi ulizokuwa unazihitaji hata hivyo: hivyo vinamaliza laki 5 bila kukuachia mzigo ndani. Dai risiti za kadi, kisha subiri zile siku 3 au 4 malipo yaingie kabla ya kuuliza bonasi.